Swali Lisilo Kwenye Fomu

Arua, Jumanne ya Agosti. Umeme umerudi saa nne na dakika tano
na mashine inaguna kama mtu aliyeamshwa bila kupenda.
Fomu imeandikwa kwa haraka: Ayikoru, miaka ishirini na sita,
kikohozi wiki tisa, damu kidogo. Kifua kikuu?
Alama ya kuuliza imechoka,
mkia wake umeburuzwa hadi ukingo wa karatasi.

Kidevu juu. Mabega mbele, kama unakumbatia ukuta.
Vuta pumzi.
Ishike.

Pumua.

Kifua kikuu nakijua, jirani yangu wa miaka kumi na minane:
hupenda darini, kule juu chini ya mtulinga,
hutoboa, huacha matambara.
Hivi si vyake.
Hivi ni vya mviringo, vimekatwa safi,
kumi na kimoja, nimehesabu mara mbili,
vingi bondeni mwa pafu, ambako damu hushuka nzito,
na kimoja, kushoto, kimezungukwa na ukungu
kama taa ya boda usiku wa mvua, barabara ya Rhino Camp.
Ukungu huo ni damu inayovuja.

Kitabu cha chuoni kiliviita risasi za mizinga.
Aliyekiandika hakukulia huku.
Sisi tuliozisikia risasi hatuzifananishi na kitu.

Mwaka jana kijana Aluma, aliyekatwa mguu juu ya goti,
alisimama kwa magongo mbele ya ukuta huu huu.
Madoa yake yalikuwa meupe kupita mbavu:
mfupa uliokataa kukatwa,
ukapanda kuota ndani ya pumzi.
Ripoti yangu ilikuwa na mistari minne.
Baba yake aliuliza kama anaweza kuinunua filamu,
hakuwa na picha nyingine ya mwanawe.

Kwa hiyo leo sikumwita anayefuata.
Nilitoka hadi kwenye benchi:
Mimba ya mwisho ilikuwa lini?
Ayikoru akatazama viatu vyake. Shangazi akatazama mlango.
Machi, akasema. Haikuwa mtoto. Zilitoka kama zabibu.
Mimi sijawahi kuona zabibu, nesi ndiye aliyesema zinafanana.

Kikulacho ki nguoni mwako, husema wahenga.
Nguo alikwisha kuvua, zimekunjwa juu ya kiti.
Kilikuwa ndani zaidi:
kondo lisilo na mtoto wa kulisha,
likafuata damu, likabisha hodi mapafuni.
Kipimo cha mimba cha shilingi elfu mbili
kikachora mistari miwili.
Shangazi akaanza kigelegele, akakimeza nusu.

Ni adimu, nikamwambia daktari, na ina mbio,
lakini ni katika zile chache ambazo dawa inajua kuzikamata.
Usiku huo basi la Kampala lilivuka daraja la Pakwach,
bahasha ya kahawia ikiwa magotini mwake.

Februari amerudi. Nywele hazipo, kitambaa cha njano kipo.
Kidevu juu. Vuta pumzi. Ishike.

Vinne. Vidogo. Ukungu umeondoka.

Neno amepona si langu kuliandika.
Naandika: ikilinganishwa na picha ya awali, vivuli vimepungua,
nafuta, naandika tena, vimepungua sana,
natafuta mhuri, nausahau ukuta
hadi sauti nyembamba inatoka kule:
Dada, nipumue?