Kisahani

Mama Ntakwinja aligonga dari yake kwa mpini wa ufagio,
mara tatu, kama anayedai kodi.
Nikajua maji yangu yameshafika kwake.

Nyumba yetu ya mbao, Kadutu, imeshika mteremko kwa kucha.
Mimi juu, yeye chini, katikati yetu ubao
wenye nyufa za kupitisha senti, siri na matone.

Asubuhi ile nilikuwa nimeinywesha begonia
kopo zima la maji, kwa huruma,
huruma ya mtu aliyekaa siku nne na bomba linalokohoa upepo,
kisha likatapika usiku wa manane,
nikajaza bidoni, sufuria, hata birika,
nikadhani kila chenye uhai humu chumbani
kina kiu kama yangu.

Akapanda ngazi. Hakunitukana.
Alinionyesha shuka tu: doa la udongo mwekundu,
ramani ya nchi isiyo na barabara.
Kisha akachomeka kidole ndani ya kopo
hadi kifundo cha pili, akakinusa.
"Hii haina kiu. Hii inazama.
Unaona umanjano, unaongeza maji.
Mizizi inaoza, umanjano unazidi,
nawe mwalimu mzima unaongeza tena."

Tukaling'oa ua, tukapindua kopo.
Tundu moja tu, nalo limezibwa na tope.
Akataka msumari. Jiwe likawa nyundo.
Matundu matano. Juu yake vigae vya kikombe kilichovunjika
(kilikuwa cha harusi; sikusema),
kokoto za barabarani, udongo uliochanganywa mchanga.

"Na kisahani chake?"

Nilikuwa na sahani mbili:
ya kwangu, na ya yule asiyekuja tena kula.
Nikaitoa hiyo.

Usiku mvua ikanyesha kama inavyojua kunyesha Bukavu.
Nikasikiliza maji ya wa juu yakipita kwa wa chini,
ya wa chini kwa wa chini zaidi,
yamebeba udongo, kiatu, kipande cha uzio,
hadi ziwani.
Mlima huu nao hakuna aliyeuwekea kisahani.

Siku hizi kidole changu hutangulia.
Kikitoka na udongo, nangoja.
Kikitoka kikavu, natoa nusu kikombe, kidogo kidogo,
nikisahihisha daftari la hesabu la Cikuru,
ambaye bado anagawanya na kusahau baki.
Baki huonekana chini: maji ya rangi ya chai,
yametulia kwenye maua ya buluu ya sahani ile.
Siyaachi yalale hapo.

Jumamosi ufagio hugonga dari mara moja tu.
Ni mshubiri wake, pale mlangoni, unaodai haki yake.
Naishika sahani kwa mikono miwili,
nateremka ngazi, polepole,
nisimwage.