Tabaka la Kumi na Mbili

Naitwa Yasna Pizarro. Kazi yangu ni kuhesabu:
kalvati, kingo, alama, madaraja, taa
(taa ni tatu tu, na moja huwaka mchana).
Idara imenipa tableti yenye ufa pembeni,
antena kama uyoga juu ya fimbo,
na Eliseo, dereva asiyesema neno kabla ya saa nne.

Kilomita hamsini na tatu za kokoto na viraka vya lami,
kutoka mgodi uliofungwa hadi kanisa la buluu.
Nashuka. Nasimika fimbo. Nangoja satelaiti zikubaliane:
kumi, kumi na mbili, nane, mlima umezimeza nne,
kisha kitone chekundu kinatua kwenye skrini
kama tone la nta.

Alama ya kona kali. Hali: mbaya. Sababu: risasi.
(Vijana hujifunzia shabaha hapa.)
Kalvati, sentimita sitini. Imeziba:
matope ya mafuriko ya juzi, na kiatu kimoja cha mtoto.
Ukingo wa chuma, mita arobaini. Ishirini zipo;
ishirini ni zizi la mbuzi la Hermójenes,
mwenyewe kaliegemea, ananipungia mkono.
Naandika: haupo.
Uliko siandiki.

Kilomita ya thelathini na moja, kijumba.
Hakifiki goti. Bati, msalaba, chupa za maji, usukani wa lori.
Huku kwetu Chile mtu akifia barabarani
hujengewa nyumba pale roho ilipomtoka;
mwili ukazikwe utakakozikwa.
Tunaiita animita. Huwashiwa mshumaa,
huombwa mvua, kazi, hata mume.
Napekua orodha ya misimbo. Kijumba hakimo.
"Andika kizuizi," anasema Eliseo. Saa nne na dakika tano.
"Mwongozo ndio unavyosema. Kizuizi. Kiondolewe."
Anasema huku anatazama pembeni.

Mshumaa ulikuwa unawaka.
Nani kauwasha, na mlango wa karibu uko kilomita kumi na mbili?

Usiku, katika chumba cha kupanga kwa mjane Ormeño,
nikafungua tabaka jipya, la kumi na mbili,
nikalipa jina ambalo mkubwa wangu hangejisumbua kulibofya:
Mengineyo.

Siku tisa. Vijumba arobaini na viwili.
Nikazima alama, nikazima kingo, nikazima hata barabara,
nikabaki na vitone vyangu juu ya weusi.
Havikutawanyika. Vilijikusanya, kama watu wanaosikiliza.
Saba kwenye kilomita ya thelathini na moja.
Kumi na moja, kumi na moja!, kwenye ya kumi na tisa,
mteremkoni, kabla ya daraja jembamba.
Nikawasha tena alama: onyo la daraja lipo, tena jipya,
mita mia tatu baada ya daraja,
linawaonya waliokwisha kupona.

Basi ramani ilikuwa imeshachorwa.
Waliichora kwa nyundo na bati,
wakapima kwa magoti.

Mhandisi Urrutia alikunja uso mkutanoni:
"Polisi wanasema vifo sita."
Nikamwambia, polisi wameanza kuhesabu juzi;
wajane hawajawahi kuacha.
Hakucheka. Akaomba tabaka liwashwe tena.

Kijumba kimoja pale kumi na tisa kilifutika jina.
Nilikuwa nimeacha nafasi wazi.
Eliseo akaivuta tableti kwenye magoti yake,
akaandika kwa kidole kimoja, herufi kubwa, polepole:
NELSON.
Sikumuuliza. Alikuwa amezima injini.

Mwezi wa sita alama imehamishwa.
Ukingo bado, bajeti.
Na kijumba cha kumi na mbili pale darajani?
Safu ya hali ina maneno manne tu ya kuchagua,
na neno "kamwe" halimo.
Nimechagua "bado",
nikahifadhi.