Mwanamke Mrefu wa Changamwe

Daftari langu la vipimo lina viuno vya nusu ya mji,
kuanzia Mwembe Tayari hadi Bondeni,
na sijapata kumwambia mume wa mtu
mkewe kaongezeka inchi ngapi.
Fundi sharti awe na kifua. Ndivyo alivyonifunza marehemu Badi:
futi ipime, mdomo usipime.

Basi nilikosea wapi?

Alikuja Jumanne, umeme umekatika,
nakanyaga cherehani ya miguu,
akanitolea satini, rangi ya kunazi mbivu.
Nikamwuliza, kama tuulizavyo tu, "Nyumba mpya mwaionaje?"
Akatazama barabarani, akasema:

    Kanijengea vyumba vitano,
    akasahau mlango wangu.

Pini ilikuwa mdomoni, nusura niimeze.
Usiku nikauweka kwenye stetasi yangu,
bila jina, kwa kumchelea mumewe;
nikajiona mtu wa adabu.

Mstari ukavuka Likoni, ukapanda Mariakani, ukapotea.
Ijumaa ukanirudia
umevishwa picha ya waridi na jina la bwana mmoja wa Morogoro,
mshauri wa ndoa, na namba ya kumtumia pesa.
Watu elfu nne wamemwambia ahsante.

Kombo, mwanafunzi wangu, akaruka:
"Fundi, sema! Waambie ni wa nani!"
Nikafungua kinywa, kikabaki wazi.
Nikimtaja, nimempa haki yake mbele ya watu
na jioni atailipia ndani ya vyumba vitano.
Nikinyamaza, tumemwibia wawili,
yule kwa kusema, mimi kwa kufumba.

Alipokuja kuchukua gauni nikamwonyesha.
Nilidhani atalia.
Akasoma, akarudia, akaanza na kusahihisha:
"Mimi sikusema vyumba vitano *vikubwa*.
Kaongeza 'vikubwa'. Kauharibu."
Kisha akacheka, cheko la mtu aliyemkuta mwanawe
kavaa nguo za jirani.
"Ni wangu," akasema. "Nataka wajue una mama.
Sitaki wajue mama akaa wapi."

"Niseme nini basi?"

Akajitazama kwenye kioo,
yeye asiyenifika begani hata kwa viatu vya kisigino:
"Sema ni wa mwanamke mrefu.
Mrefu mno. Wa Changamwe."

Nimesema hivyo. Kila nilipoukuta nimeandika chini yake:
wa mwanamke mrefu wa Changamwe.
Wengine wamenicheka;
yule wa Morogoro kanifungia mlango.

Lakini daftarini, ukurasa wa vipimo vyake,
chini ya kifua, kiuno, urefu wa mkono,
nimeuandika wote, bila "vikubwa",
na tarehe, na jina lake hadi la babu.
Siku atakayoingia aseme, Fundi, sasa,
nitaufungua ukurasa huo juu ya meza, mchana, mlango wazi.

Mpaka hapo,
mkikutana na mwanamke mrefu wa Changamwe mkampa hongera
atawashangaa. Mwacheni ashangae.
Na kile kitambaa hakikuwa satini,
wala siku haikuwa Jumanne.