Jeraha la Rangi

Shekuwe ameniletea samaki sita wa mti,
amewachonga kwa kisu cha kumenyea embe,
mwarobaini ulioanguka nyuma ya jaa la Langoni.
Wamelala kwenye sinia langu la hina, wakavu, hawana uso.
"Wewe una mkono," asema. "Mie nna ndoana tu."

Naanza na tumbo: jeupe, rangi iliyobaki ya madirisha ya madrasa.
Mgongo kijani, kuteksi ya binti wa jirani
iliyoganda nusu; naiamsha kwa tone la asetoni.
Ubavuni karatasi ya chokoleti,
naikwaruza kwa ncha ya kijiko hadi iote magamba.
Namshika kwa vidole viwili
kama nishikavyo kidole cha bi arusi anayetaka kucheka.

Kisha kijiti cha piko, leo kimechovya rangi ya mashua,
mawimbi membamba ya mgongo wa una,
na nikajisahau, nikamchora ua tumboni.
Shekuwe akacheka hadi akakohoa:
"Huyu yuwaolewa na kolekole?"
Nikaliacha.

"Mtie mato makubwa. Na hapa, chini ya shavu,
mtie jeraha. Jekundu.
Kolekole hamfuati mzima."

Mkono ukasimama.

Mwezi wa Rajabu, ghorofa moja Mkomani,
niliwekewa mapajani mkono wa Mwanashee,
na juu ya kifundo palikuwa na rangi
isiyotoka kwenye sinia langu.
Mama yake akatazama dirishani.
Mimi nikapazungushia waridi, jani juu ya jani,
mazito kuliko aliyoomba,
hata wageni wakasema mashallah,
mkono wa kushoto umeushinda wa kulia.
Nililipwa, na leso juu.

Sasa nachovya kwenye nyekundu
na kukipa kipande cha mti, ambacho hakuna aliyekipiga,
tone moja chini ya shavu.
Lakauka upesi.
Ukilitazama kwa mbali, lauma.

Jumatano mmoja amerudi:
mkia umetafunwa, ua limechubuka hadi kwenye mti,
jicho moja halipo.
Jeraha halikuguswa.
Shekuwe amenitilia kichwa cha kolekole sufuriani,
kizima, mdomo wazi,
na ataka kumi wengine kabla ya Ijumaa.

Nimemwambia nyekundu imekwisha.
Chupa iko nyuma ya mtungi,
imejaa nusu.