Bei ya Machi

Mshauri wangu wa kodi, Bi Tiedgen,
hula tufaha huku akisoma sheria.
Siku ile alitafuna hadi kwenye kokwa
ndipo akasema, "Tafuta kuukuu."

Nilikuwa nimempelekea picha ya gari jipya,
jeusi, linang'aa kama kiatu cha bwana arusi,
yuro elfu sitini na nane.
Kipya kinyemi, nikajitetea.
Akageuza bahasha, akapiga hesabu mgongoni mwake:
kila mwezi, asilimia moja ya bei ya kiwandani
itahesabiwa kuwa pato lako,
mia sita na themanini ambazo hutazishika kamwe,
ila kodi yake utaishika vizuri.

"Na sheria haiulizi gari lina thamani gani leo.
Huuliza siku lilipozaliwa lilitajwa bei gani.
Kwenu hakuna la zamani?"

Lilikuwepo.
Nyuma ya karakana yetu ya lifti, hapa Wuppertal,
chini ya turubai na masanduku ya nyaya,
Mercedes ya baba, rangi ya maziwa yaliyoungua.
Stakabadhi ilikuwa ndani ya kitabu cha maelekezo,
imekunjwa mara nne, ina duara la kikombe cha kahawa:
Machi, sabini na moja,
maki elfu kumi na nne na mia mbili.
Maki! Sarafu iliyokwisha kuzikwa.
Bi Tiedgen akaifufua kwa kikokotoo,
akaivika yuro, akakata chenji kama ilivyoruhusiwa:
elfu saba na mia mbili.
Kwa mwezi, sabini na mbili.
Nilicheka hadi mwanagenzi wangu Jorrit
akachungulia dirishani kuona kuna nini.

Msinielewe vibaya. Kutu haisomi sheria.
Sakafu ilitoboka, nikaiona lami
ikikimbia chini ya kisigino changu.
Breki, radieta, fundi wa Velbert
anayetoza hata kwa kuguna;
risiti zote niliziingiza kwenye vitabu vya kampuni,
lakini risiti haimpashi mtu joto
aliyezimikiwa njiani mwezi wa Januari.

Mwaka wa pili akaja mkaguzi, Bwana Ohlendorf.
Akalizunguka mara mbili, mikono mgongoni.
"Hili ni la kazi, au la kujipamba Jumapili?"
Mali bila daftari huisha bila habari.
Nikamfungulia daftari.
Solingen, lifti ya hospitali, saa tisa usiku.
Remscheid, bibi arusi amekwama ghorofa ya nne.
Hagen. Hagen. Hagen tena, mlango usiotaka kufunga.
Akafungua buti, akainua kapi kwa mikono miwili,
akaandika neno moja fupi,
akaomba kitambaa cha kufutia grisi.

Jumapili moja nilimchukua baba kutoka makao ya wazee.
Jina langu limemtoka; huniita Hedwig, dada yake.
Akapapasa dashibodi kama mtu anayetafuta swichi gizani.
"Elfu kumi na nne na mia mbili," akasema.
"Mama akijua, atanifukuza nyumbani."

Wengine wote huhesabu kwa leo:
yule wa Düsseldorf aliyenitajia elfu thelathini taslimu,
watu wa bima,
daktari anayemwuliza baba leo ni siku gani
na kutia alama penye kosa.
Ni wawili tu niwajuao, baba yangu na idara ya kodi,
wanaoshikilia kwamba bado ni Machi,
gari limetoka dukani asubuhi hii,
na bei ni ile ile.

Sikumsahihisha.
"Ni sabini na mbili tu kwa mwezi," nikamwambia. "Tutamudu."
Akafikiri kidogo, akafunga mkanda mwenyewe,
akauliza kama tuna mafuta ya kutufikisha Hagen.