Kabati la Maandazi

Mama Somoe, usinitolee vyombo nje bado.
Njoo kwanza uone kipimo.

Kutoka miguu ya kitanda hadi mlangoni
nimepima kwa utepe wa fundi cherehani:
futi tatu na kitu. Hicho kitu ni ndala zangu.
Ndiyo nafasi niliyonayo Chikongola nzima,
na kodi yake unaijua kuliko mimi.

Kule Naliendele Chihangu alinionyesha kitoto cha chatu,
kimejikunja kama kata ya kubebea ndoo,
kizuri, kimenyamaza, macho punje za pilipili manga.
Bei ya kutupa. Nusura nitoe hela.
Kisha nikauliza swali ambalo watu hawaulizi
wakishikishwa kitu kichanga mkononi:
huyu akimaliza kukua, anaishia wapi?
Chihangu akatazama pembeni.
Pima mbili, akasema. Tatu, akila vizuri.

Mama, pima tatu ni chumba changu, ukumbi wako
na mguu mmoja wa jirani.
Leo panya, mwakani sungura,
mwaka wa tatu anamtazama mbuzi wa watu
kama mimi ninavyoutazama mshahara:
kwa mbali, bila kupepesa.

Basi nikamwacha, nikachagua huyu,
chatu wa mchangani, kaletwa toka kaskazini
na kibali chenye mihuri miwili, soma mwenyewe.
Dume. Jike hunenepa, hukaribia dhiraa mbili;
dume ni dhiraa moja,
kiwiko hadi ncha ya kidole, basi, kamaliza.
Rangi yake bibo lililoiva likaangukia tope.
Mchana hujifukia, hubaki pua na macho,
ukipita utasema kokoto.

Nyumba yake ni kabati la maandazi la shangazi,
lile aliloliuzia pale Ligula mpaka magoti yakagoma.
Mchanga nimeuosha maji saba kuutoa chumvi ya Shangani,
nikauanika juani siku mbili
huku watoto wako wakiniuliza kama napika.
Upande huu taa, upande ule baridi,
achague mwenyewe.
Luku ikiisha, namwekea chupa ya maji moto
niliyoivalisha soksi.

Panya wa ghala lako hawawezi, nisikudanganye.
Wale wanamzidi kifua.
Na jambo jingine sikufichi:
mfupi wa mwili, ila miaka ishirini anaweza kuifikisha.
Mimi nilikuja hapa kwa miezi mitatu.
Mwaka wa tisa huu.

Akasogea. Bangili zikagonga kioo.
Akaulaza mkono juu yake, kiwiko mpaka kidole,
akangoja mchanga utikisike.
"Dume, umesema?"
Dume.
"Marehemu Mchopa naye," akasema,
"aliingia humu na begi moja."