Mstari wa Penseli

Karibu na Rawlins, Wyoming,
upepo ukilipiga trela vikumbo,
kifaa kilizima. Hakikulia.
Kilifumba tu jicho lake la kijani
saa nane na dakika kumi na moja usiku.

Gurdev Dhaliwal aliegesha, akachomoa waya,
akaupuliza, akauchomeka tena. Fyuzi nzima.
Giza lile lile.

Basi akavuta chini ya kiti kitabu cha karatasi,
kimepinda, kina doa la chai,
na penseli aliyoichonga
kwa kisu cha kumenyea machungwa.

Penseli haijui injini. Humtii mwenye mkono.
Angeweza kujiandikia usingizi asioulala,
akaiba saa mbili, akafika Omaha kabla ya theluji.
Nani angejua?

Aliuchora mstari wa kuendesha, akaukata hapo hapo,
akaushusha safu moja: kazini, gari limesimama.
Pembeni: kifaa hakina umeme.
Kisha, kwa herufi ndogo,
jambo ambalo kifaa hakikuwahi kumuuliza:

nimechoka.

Akazima taa.
Upepo ukaendelea na safari bila yeye.